Nilikata Matuta ya Mama Mwende

Aliyekata matuta ya Mama Mwende ni mimi. Na kosa linaloniuma zaidi ni kwamba nilinyamaza huku mama wa watu akilaumiwa mbele ya macho yangu.

Natoka Kalamba, Makueni. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja wikendi kutoka Nairobi na baiskeli zao za milimani. Tunapanda kilima kwa njia ya ng'ombe, kisha tunateremka upande wa pili mpaka mtoni. Ukiniona kwenye ule mteremko utadhani nilizaliwa na magurudumu, na hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Katikati ya mteremko kuna shamba la Mama Mwende, mjane jirani yetu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Lina matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo. Aliyachimba pamoja na mwethya, kikundi cha kina mama wanaosaidiana kulima kwa zamu. Alituruhusu kupita pembeni, mradi tusiguse matuta. Kwa hivyo kwenye kila tuta wageni walikuwa wakishuka na kubeba baiskeli.

Siku moja mgeni mmoja akaniambia, "Buda, tumekuja kuride ama kubeba mizigo?" Wenzake wakacheka. Niliona aibu sana.

Jumatatu Mama Mwende akiwa sokoni, nilichukua jembe nikakata matuta matano, nikasawazisha njia safi ya kushuka. Nikafunika kwa matawi ya miiba. Wageni wakija nayaondoa, wakishapita nayarudisha. Mama Mwende alipoyaona nilimwambia ni ya kuzuia mbuzi. Akanishukuru! Moyoni nikajiahidi kuziba kabla ya mvua.

Mvua ikaja mapema. Nilikimbia na jembe, lakini nilipofika maji yalikuwa yameshaipata njia yangu na yanashuka moja kwa moja. Ilipokatika, palikuwa na korongo la kunifika kiunoni. Mbaazi zimeenda, udongo umeenda mtoni, mawe ndiyo yamebaki. Hata mashamba ya chini yalifunikwa na mchanga, na alama zote za jembe langu zilikuwa zimesombwa.

Jumapili baada ya kanisa mwethya ikakutana. Mwenyekiti wao ni mama yangu mzazi.

"Mama Mwende, tulikuchimbia matuta ukashindwa kuchunga?" mama akamwuliza. "Hii maji imepitia kwako pekee yako. Sasa ona shamba za watu huko chini."

Mama Mwende aliinamisha kichwa. "Pengine sikushindilia vizuri. Mnisamehe."

Nilikuwa hapo hapo nikipanga viti. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikaendelea kupanga viti.

Wakamweka wa mwisho kwenye zamu za kulimiwa. Msimu ulipoisha bila kuvuna chochote, alifunga nyumba akaenda kwa binti yake anayeishi mji wa Kambu, akawa anauza ndizi kando ya barabara kuu. Mimi nikaendelea kuongoza wageni, ila kila nikipita mlango ule uliofungwa nilikuwa naangalia upande mwingine.

Mwaka ulipita ndipo nikapanda gari nikamfuata. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa. Nilitarajia anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane.

Aliweka chini kichana cha ndizi. "Kwa hivyo mimi nilishindilia vizuri?"

"Ulishindilia vizuri, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Akajifunika uso kwa leso akalia. "Mwaka mzima mimi najiuliza ni tuta gani nilichimba vibaya," akasema.

Nililia pia, lakini machozi yangu yalikuwa na faida gani? Niliporudi nilikiri mbele ya mwethya nzima. Mama yangu aliinuka akaondoka mkutanoni. Mimi na kina mama wa mwethya tumejaza korongo mawe na kuchimba matuta mapya. Nilipompelekea Mama Mwende habari hiyo, alinijibu kwa upole, "Nirudi nilime nini, mwanangu? Udongo ulienda."

Wewe unayepita kwenye mashamba ya watu kwa raha zako, ukiambiwa usiguse, shuka ubebe baiskeli. Wakikucheka, wacha wakucheke. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, mtu mwingine asibebe kosa lako akiamini ni lake. Mimi nilisema baada ya mwaka, na Mama Mwende bado yuko Kambu.