Majina ya Upande wa Mama

Bishara Abdow alizaliwa Griftu, akaolewa Garissa, na kwa miaka ishirini ameuza maziwa ya ngamia mahali pamoja sokoni, nyuma ya madumu ya njano. Ni mwanamke wa maneno machache. Wateja humtania kwamba madumu yake yana sauti kuliko yeye. Lakini ukimya wake wa siku moja ulimnyang'anya mtoto, na hilo halijamtoka moyoni.

Binti yake wa kwanza, Iftin, alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka kumi na miwili. Kabla ya kuandika dawa, daktari aliuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kudhuriwa na dawa, ngozi ikambabuka. Dagane, mume wa Bishara, alijiweka sawa kitini. Ukimwuliza Dagane habari za ukoo umemfungulia bomba. Alianza abtirsi, yaani kutaja baba na baba wa baba, jambo ambalo watoto wa hapa hukaririshwa hata kabla ya kujua kusoma. Alitaja majina kumi na saba bila kupumua.

"Hawa wote mimi najua walikufa na nini," alisema. "Fita, ukame, uzee. Dawa, hakuna."

Bishara alikuwa ameketi kando yake. Alikuwa amemkumbuka Arbia, dada wa mama yake, aliyekunywa vidonge vya kifafa kule Griftu akafa ngozi imemvuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Jina lilimfika ulimini, akalimeza. Arbia hakuwa katika wale kumi na saba. Alikuwa wa ukoo mwingine, na mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Ndivyo Bishara alivyofunzwa, na ndivyo alivyoamini.

Wiki mbili baadaye Iftin aliamka midomo imevimba, macho mekundu. Bishara alijua mara moja. Hospitalini dawa ilisimamishwa, lakini ngozi ilikuwa tayari inabanduka pamoja na shuka. Aliishi siku sita.

"Hooyo, usinishike," alimwambia mama yake. Bishara akakaa siku zote sita mikono ikiwa mapajani, hana la kuifanyia.

Mwaka jana mdogo wake Iftin, Deka, naye alianguka akiteka maji. Mbele ya daktari, Dagane alipofungua kinywa, Bishara alimshika mkono.

"Daktari, uliza mimi," alisema. "Mama yangu alikuwa na dada. Dawa ya kifafa ilimbabua, akakufa. Na binti yangu, hifyo hifyo."

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba yapo mambo mtu hurithi katika vinasaba, kwa baba au kwa mama, na aliyerithi hayo anaweza kuuawa na dawa inayowaponya wenzake. Kipimo cha damu huyaonyesha. Damu ya Deka na ya mama yake ilipelekwa Nairobi, na majibu yakarudi baada ya wiki tatu: wote wawili wanayo. Deka alipewa dawa nyingine, na kadi ya kutembea nayo inayokataza ile ya kwanza. Tangu hapo hajaanguka.

Siku ya majibu, walipofika nyumbani, Dagane alisema, "Mimi ndiye niliyeongea siku ile. Hukupata nafasi." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo haikumsaidia Bishara, kwa sababu nafasi alikuwa nayo.

Siku hizi, wakichuja maziwa asubuhi, anamfundisha Deka abtirsi ambayo hakuna aliyemfundisha yeye. Deka binti Bishara, binti Sahra, binti Fatumo. Hapo hukwama. Alipiga simu Griftu, na wazee wakamtajia baba zake Fatumo mpaka wa kumi na mbili. Jina la mama yake Fatumo hakuna anayelikumbuka.

"Baada ya Fatumo ni nani, hooyo?" Deka huuliza.

"Sijui," Bishara humjibu. "Anza tena. Na safari hii mtaje Iftin kwanza."