Maoni ya Watazamaji wa Ghala la Pamba

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni Jumamosi, saa nane mchana, mjini Bunda, mwaka wa tisini na moja. Jua limesimama juu ya barabara ya Mwanza, na vumbi la lori lililopita bado halijatua. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa miaka kama hamsini, anakata kona ya soko akiwa na beseni la samaki kichwani na kitenge amekikaza kiunoni. Haendi mbio. Wanaomsubiri wanazidi hamsini, na anajua kwamba bila yeye hawaanzi.

Jina lake Dorkas, ila mjini wanamwita Mama Lukresia, kwa jina la binti yake. Asubuhi anakaanga sato na ningu kwenye kibanda chake karibu na stendi. Jumamosi alasiri ana kazi nyingine, ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nayo Bunda nzima: anakaa kando ya televisheni ya Hasani na kuwaambia watu Wazungu wanasema nini.

Kiingereza alikipata wapi? Jikoni. Kwao Suguti alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akafiwa na mume mapema, kisha akapata kazi ya upishi kwa daktari mmoja Mzungu na mkewe, waliokuwa wakikaa njia ya Butiama. Macho ya yule mke wa daktari yalikuwa yanafifia, hivyo akamfundisha Dorkas kusoma ili awe anamsomea: kwanza vitabu vya mapishi, halafu barua kutoka Ulaya, mwisho riwaya nene zisizo na picha hata moja. Wakaenda hivyo miaka kumi na moja. Mwaka wa themanini na tatu, enzi za foleni ya sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, enzi ambazo mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi ili ufike nyumba tatu, wale Wazungu wakarudi kwao. Dorkas akabaki na sufuria mbili na lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuongea naye. Akawa anaiongea peke yake huku akipara magamba ya samaki, mpaka majirani wakaanza kusema huyu mama kapandwa na kitu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikaingia kupitia mpaka wa Sirari, na Hasani, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Ujiji na mama yake Ukerewe, akaleta deki ya video, televisheni na jenereta, akapanga ghala la pamba lililokuwa limekaa tupu. Madirisha akayaziba kwa magunia. Nyuzi za pamba ya miaka iliyopita zilikuwa bado zimenasa kwenye kenchi za paa, na jenereta ikianza kunguruma zilidondoka taratibu mbele ya mwanga wa kioo cha televisheni. Waliokuwepo, ukiwauliza leo, wanaanzia hapo: ile pamba iliyokuwa inawaangukia vichwani ndani ya giza la mchana, na hakuna aliyejipangusa.

Siku ya kwanza Dorkas alimpelekea Hasani samaki wake tu. Kwenye kioo mwanamume mmoja alikuwa anamfokea mwenzake, na ghala zima linashangilia kwamba sasa atamuua. Dorkas akasema akiwa amesimama mlangoni, "Hamuui. Anamwambia shuka zangu umezifua vibaya."

Ghala lilicheka mpaka jenereta haikusikika. Hasani akamvutia kigoda. "Mama Lukresia, kaa hapo. Wasikudanganye tena hawa."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu wale Wazungu waondoke, maneno yaliyokuwa yamemjaa kichwani yakapata masikio. Wanaume waliokuwa wakimwambia "mama, niongezee chumvi" bila hata kumtazama, sasa wakimwona njiani walimpisha.

Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima, kanda za mazungumzo zikipishana na za karate, mpaka kanda za chombo cha angani zilipokuja.

Zilikuja mbili, kutoka kwa dereva mmoja wa Sirari. Hazikuwa za karate. Zilikuwa za watu waliohama dunia iliyochakaa, wakapanda chombo kikubwa kama mji, wakaelekea kwenye nyota ya mbali. Safari yenyewe ni ndefu kuliko umri wa mtu, na wanaoondoka wanajua hawatafika. Sehemu ya kwanza ilikuwa na moto, ving'ora na milango inayojifunga yenyewe, kwa hiyo watu walitoka wameridhika. Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta maneno.

Sehemu ile ilikuwa ya kimya. Karibu saa nzima inamfuata mwanamke mmoja mwenye mvi, mtunza mbegu wa chombo. Anafungua droo, anashika mbegu, anazirudisha. Anaongea na mashine inayomsaidia kazi. Anaieleza kwamba mbegu nyingine hakuna tena anayejua zinapikwaje. Dorkas alikuwa akitafsiri sentensi kwa sentensi, sauti yake shwari, mpaka pale yule mwanamke aliposema kwamba amesahau sauti ya mama yake, akageukia dirisha lililojaa nyota, akanyamaza.

Dorkas naye akanyamaza.

"Mama Lukresia, tafsiri," mtu akasema kutoka nyuma.

"Hajasema kitu."

"Mbona mdomo unamtetemeka?"

"Ndiyo. Lakini hajasema."

Sasa ukumbuke ulikuwa mwaka gani. Ni mwaka ule ambao tume ilikuwa inazunguka nchi nzima kukusanya maoni ya wananchi, kama tubaki na chama kimoja au viwe vingi. Nchi nzima ilikuwa inatoa maoni. Watu waliokuwa wamekaa vikao vya balozi wa nyumba kumi na vya ushirika miaka ishirini wakinyoosha mikono, sasa walikuwa wanaulizwa kwa dhati wanafikiri nini, na utamu wake ulikuwa umewakolea. Kwa hiyo kanda ilipokwisha na Hasani akafunua gunia la dirisha, hakuna aliyeondoka. Mkono ukanyooshwa. Ulikuwa wa Mzee Keraryo, mnunuzi wa ng'ombe.

"Ndugu mwenyekiti."

Hasani akatazama nyuma kuona mwenyekiti ni nani, kisha akaelewa. "Ndiyo, Mzee Keraryo. Toa maoni yako."

"Mimi maoni yangu ni mawili. La kwanza, hawa watu tangu wiki iliyopita wamo humo ndani na sijaona mtu hata mmoja anakula. Mbegu ziko kwenye droo, ugali hakuna. Wanaishije? La pili, saa nzima imepita na hajapigwa mtu hata kibao. Tulikuwaga tunaangalia watu wanapigana humu, unarudi nyumbani roho imetulia. Leo narudi na huzuni ya mwanamke nisiyemjua."

Makofi yakapigwa. Fundi Shomari, mshona nguo wa pale sokoni, akasimama bila kungoja kuitwa.

"Mimi ni zile nguo. Hazina kifungo, hazina mshono, zimebana kama ngozi ya soseji. Hao mafundi wao wamekwenda wapi? Maana kama huko mbele hakuna fundi, basi huko mbele kwenyewe mimi sikutaki."

"Fundi, wewe mitumba imekumaliza tayari, huna haja ya kungoja nyota," mtu akamjibu, na watu wakacheka, Shomari mwenyewe akiwemo.

"Na kingine," Keraryo akarudi tena, "kuna mahali mtafsiri wetu amenyamaza. Sisi tumeingia hapa kusikia, siyo kunyamaziwa."

Hapo Dorkas aliinamisha kichwa. Ndipo Pelagia, mkulima wa pamba aliyekuwa amekuja mjini kufuatilia malipo ya msimu uliopita, akanyoosha mkono kutoka benchi la ukutani. "Mimi yule mama wa mbegu nimemwelewa," akasema. "Hata pale aliponyamaza nimemwelewa. Nataka kujua kama atafika." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Hasani alikuwa mtu wa biashara, ila siku hiyo uenyekiti ulikuwa umempanda kichwani. Akasema kanda ya tatu iko Sirari, na dereva anataka jibu: ailete, au alete karate tupu? Tupige kura. Dorkas alielewa kinachopigiwa kura ni nini. Ngumi hazihitaji mtafsiri. Karate tupu ikirudi, kigoda chake hakina kazi, na yeye anarudi kuwa mama wa chumvi.

Waliotaka karate walinyoosha mikono mpaka Hasani akachoka kuhesabu. Waliotaka chombo walikuwa tisa.

"Wengi wamepita," Hasani akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Mama Lukresia, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa, Hasani. Mimi kazi yangu ni kuelewa."

Wiki iliyofuata karate ilirudi na ghala likafurika. Dorkas alibaki kibandani akigeuza samaki, makelele yakimfikia kwa mbali. Alikuwa anafunga kibanda, Pelagia akatokea na kikapu chake.

"Dada Dorkas, yule mama wa mbegu alifika?"

"Sijui, mdogo wangu. Ile kanda sijaiona."

"Sijakuuliza kama umeiona. Nimekuuliza alifika?"

Dorkas akamtazama. Akapangusa benchi kwa kanga. "Keti," akamwambia. Akaanza kumsimulia.

Jumamosi ya pili Pelagia alikuja na wenzake wanne. Ya tatu, wote tisa walikuwepo, kila mtu na kipande cha samaki mkononi, na Dorkas akiisogeza safari ile mbele kwa kichwa chake. Kila alipoanza aliwaambia wazi, "Hii ni ya kwangu, siyo ya Wazungu." Na kila alipomaliza waliomba nafasi ya kutoa maoni, naye akayachukua. Fundi Shomari akapewa chumba cha cherehani katikati ya chombo. Mzee Keraryo, ambaye alianza kwa kusimama kando akijifanya anachagua samaki mkubwa, akauliza, "Na leo hawali?" Wiki iliyofuata wakala: mama wa mbegu alikuwa amekumbuka namna ya kupanda mtama, na ugali wa kwanza ukasongwa mbele ya dirisha la nyota. Keraryo alitafuna polepole, akasema, "Sasa hao ni watu."

Wanaoyakumbuka hayo, leo ni wazee. Wengine wako Musoma mjini, wengine wamejenga Bweri, pembeni yake, sebuleni wana televisheni kubwa zenye chaneli zisizohesabika. Wanasema hakuna hata moja wanayoiangalia kama walivyoangalia moshi wa kikaango kile. Dorkas naye anakaa Bweri siku hizi, kwa Lukresia, na wajukuu wanamsomea kama yeye alivyokuwa akimsomea mke wa daktari. Ila nimewahi mno kumfikisha Bweri. Bado kuna Jumamosi moja.

Miezi mitano baada ya ile kura, karate zilianza kuwachosha watu; walikuwa wanajua nani atampiga nani. Hasani akaja kibandani na kanda mfukoni. "Ile ya tatu," akasema. "Na ndiyo ya mwisho, dereva anasema hakuna nyingine. Rudi kwenye kigoda, Mama Lukresia. Wote wanakutaka, hata wale wa karate."

Dorkas alikuwa amekililia kigoda kile bila kutoa machozi kwa miezi mitano. Akaomba kitu kimoja tu: aione kwanza peke yake. Hasani akamwashia jenereta Ijumaa asubuhi, akatoka nje.

Kanda ilianza na maiti. Watu wa chombo wamesimama kwenye mstari, katikati yao mtu amefungwa shuka jeupe mpaka usoni. Nahodha anatamka maneno machache, mlango unafunguka, lile shuka linatoka kwenda gizani. Uso hauonekani. Aliyekufa ni nani, utajua kwa maneno ya nahodha tu. Na nahodha alisema, kwa Kiingereza alichokisikia Dorkas vizuri sana: tumempoteza mtunza mbegu wetu. Baada ya hapo hatajwi tena mpaka mwisho. Dorkas aliirudisha kanda nyuma mara tatu. Mara zote tatu nahodha alisema hivyo hivyo.

Jumamosi ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mizani ya zamani ya pamba. Pelagia alikuwa benchi la mbele, Shomari kushoto kwake, Keraryo kulia. Walikuwa wamekuja kuona mtu wao. Kwa mwaka mzima na zaidi watu wale walikuwa wanamwamini Dorkas kwenye kigoda kile kwa sababu hakuwa amewadanganya hata neno moja. Hata aliponyamaza, alinyamaza kwa sababu kwenye kioo kulikuwa kimya. Ya kibandani yalikuwa ya kwake, na alikuwa anawaambia ni ya kwake. Hapa hapakuwa kibandani.

Pamba ikaanza kudondoka. Shuka jeupe likatokea. Nahodha akafungua mdomo, akasema.

"Mama Lukresia," Pelagia akauliza taratibu, bila kuondoa macho kwenye kioo, "aliyekufa ni nani?"

Dorkas akavuta pumzi. Ghala zima likamgeukia. Kama alichosema kilikuwa cha nahodha au cha kwake, waliokuwepo mpaka leo hawakubaliani, na yeye mwenyewe ukimuuliza anakukaribisha chai. Basi niambie wewe: ungekuwa wewe kwenye kigoda kile, ungewajibu nini?