Dobi Aliyechanganya Kanzu za Ubatizo

Saa mbili asubuhi, uani nyuma ya kanisa, dobi amekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko na anasugua kanzu nyeupe kwenye beseni. Anaisuuza, anaikamua, anaikung'uta hewani mara mbili mpaka inalia pa! Kisha anageuza pindo na kulikagua kwa kidole.

"Matundu ya sindano bado yanaonekana," anasema. "Uzi tumeshautoa, lakini alama haijaondoka."

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa amelifulia kanisa hili kwa miaka kumi na tisa. Kanzu za ubatizo peke yake ni arobaini na sita, za wakubwa kwa wadogo. Siku aliyokabidhiwa kazi alipewa sharti moja: zenye uzi mwekundu kwenye pindo zifuliwe peke yake, zisizo na uzi peke yake. Maji mbalimbali, kamba mbalimbali. Hakuuliza.

"Nilidhani zenye uzi ni kuukuu," anasema, na kicheko chake hakina raha hata kidogo. "Nikasema moyoni, watu hawa wanajua kutunza vitu vyao. Nikatii kama askari!"

Miezi miwili iliyopita maji yalikatika siku tatu mfululizo. Ijumaa ikafika, ubatizo ni Jumapili, na kwenye pipa zimebaki ndoo nne. Dobi akaona hapa hakuna namna. Akazitumbukiza zote kwenye beseni moja.

Alikuwa anaanika ya mwisho pale katibu wa kamati ya ubatizo alipotokea. Katibu ni mama wa Kizungu, kazaliwa mtaa huo huo, na lugha anaizungumza kama dobi mwenyewe. Akasimama, mkono kiunoni.

"Mama, umezichanganya?"

"Maji hakuna, dada. Ila zote zimetakata, njoo uone."

"Umechanganya kanzu zetu na zenu?"

Zenu! Jamani, neno la herufi nne tu. Dobi anasema kwanza alidhani amesikia vibaya. Zenu za nani? Yeye hana kanzu hata moja pale. Ndipo akazitazama kwenye kamba, na sura za watu zikaanza kumjia.

"Mtoto wa fundi baiskeli, uzi. Mapacha wa mwalimu, uzi. Weusi wote, uzi! Wazungu, hakuna," anasema. "Wanangu wanne wamebatizwa humu. Na mimi mwenyewe. Kanzu zile nilizifua kwa mikono hii, nikazipiga pasi, nikawavisha watoto wangu. Nimejifulia ubaguzi wangu mwenyewe, tena kwa sabuni ya kunukia."

Akakaa juu ya ndoo. Katibu akamwambia azifue upya, mbalimbali, la sivyo arudishe ufunguo wa stoo. Na kwenye orodha ya Jumapili hiyo alikuwemo mjukuu wake, binti wa miaka kumi na miwili.

"Nikamwambia, ufunguo huu hapa. Ila mjukuu wangu havai uzi."

Akaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Mchungaji, mweusi kama yeye, yuko hapo mwaka wa nane sasa. Alibisha kwamba haiwezekani, akaenda uani kuzikagua mwenyewe. Alirudi na kanzu mkononi, uso umemshuka.

"Nimebatiza watu mia mbili na kumi na watatu hapa," anasimulia. "Wote waliletwa kwangu wakiwa wameshavishwa. Sikutazama pindo hata siku moja. Nilikuwa mchungaji wa namna gani mimi?"

Aliuchukua ufunguo kwa katibu, akamrudishia dobi. Jumapili hakubatiza mtu. Alizimwaga kanzu zote mbele ya madhabahu na kueleza kila kitu, bila kuzunguka. Mzee mmoja wa Kizungu, mwenye miaka themanini na minne, akainuka kwa kushikilia benchi.

"Uzi wa kwanza aliushona mama yangu," alisema. "Alituambia ni kuzuia magonjwa. Hatukuwahi kumwamini, lakini tulinyamaza."

Familia sita zilitoka nje na hazijarudi. Waliobaki walipitishiwa mikasi, wakakaa kwenye mabenchi wakifumua uzi mpaka adhuhuri.

Dobi hufua pia mazulia ya msikiti ulio ng'ambo ya barabara. Imamu aliposikia habari hiyo, anakiri, alitaka kucheka.

"Halafu nikakumbuka wazazi wanaokuja kuniuliza mchumba ni mweusi kiasi gani," anasema. "Na mimi huwajibu! Kicheko kikaniisha." Ijumaa iliyofuata aliwaambia waumini wake hayo hayo. Siku hizi nyumba hizo mbili za ibada hukutana kila Alhamisi, watu wakieleza waliyotendewa na waliyotenda.

Katibu huja. Hukaa karibu na mlango, hajawahi kusema neno. Dobi akimsalimu, huitikia huku akiangalia viatu.

Mjukuu naye aligoma. Aliapa hakanyagi kanisa lile tena, na bibi yake hakumlazimisha, ingawa kubatizwa kwa mtoto huyo ndilo ombi lake la kila siku. Wiki iliyopita, wakiwa mezani, binti akauliza kama yule katibu bado yupo kwenye kamati.

"Yupo," bibi akajibu.

"Basi nitabatizwa. Ila anivishe yeye, kwa mikono yake."

Juzi dobi aliupeleka ujumbe huo nyumbani kwa katibu. Anasema mwanamke yule alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kisha akauliza swali moja tu: mtoto ana kimo gani?

"Nikamwonyesha kwa mkono," anasema dobi, na kiganja chake kinasimama usawa wa bega. "Hapa."