Mayai ya Kumngojea Mtu

Mwanangu, ipo Jumamosi moja hainitoki kichwani hata leo, ninapokuandikia nikiwa peke yangu hapa jikoni Suji. Nilikuwa bado mke mgeni. Baba yako alikuwa akichimba jasi kule Makanya, akipanda mlimani mwisho wa juma kama barabara inapitika. Mimi wiki nzima nilikuwa naweka mayai.

Siku hizo huku kwetu mama wa nyumba hakujilia yai hivi hivi. Lilikuwa la mgeni na la mume. Basi nilikuwa na kapu langu la pumba la kuyahifadhia, nikimpangia baba yako. Ya kuku nitamkaangia na kitunguu. Ya bata nitayachemsha sana, maana ni makubwa na hayaivi upesi. Ya kanga yaliletwa kutoka Ndungu, na ganda lake ni gumu, ukiligonga mara moja linakucheka. Mwenyewe nilikula makande matupu na kujiona mke hodari. Ujana bwana!

Mvua zikashika. Jumamosi moja hakuja, iliyofuata hakuja, na simu za mkononi hazikuwapo. Jumamosi ya tatu nilikaa mlangoni nikitazama ukungu, nalia kimyakimya, na kapu limejaa.

Mama mkwe akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Hakungoja jibu. Alilivuta kapu, akatia maji kwenye beseni, akayatumbukiza mayai moja moja. Mengi yaliibuka yakaelea, yote viza. Akayatupa shimoni nyuma ya migomba, na harufu yake nisikusimulie. Machache yaliyozama akayakaanga, akaniwekea sahani mbele.

"Kula."

"Nimemwekea mwanao, mama."

"Mwanangu anakula huko aliko. Wewe unayelala humu na baridi hii, nani anakupikia? Unayaozesha, halafu unasema ni mapenzi. Kula nikuone."

Nilikula huku machozi yanadondoka. Naye akamega kipande, akakaa nami mpaka moto ukafifia. Ndipo aliponiambia kwamba hata kapu lake la ujana liliishia shimoni, ila yeye hakupata mtu wa kumkemea.

Sasa baba yako amelala pale kwenye migomba, nawe uko Dar. Krismasi iliyopita ulinipigia, "Mama, nakuja." Nikaanza tena kuweka mayai, maana uzee nao una ujinga wake. Sikukuu ikapita bila hata simu, nikaleta beseni mwenyewe. Upweke unauma, mwanangu, sikufichi.

Basi shika haya. Huko mjini unakoishi peke yako, usijinyime chakula kizuri eti hakuna wa kula naye. Kaanga yai lako, kaa kitako, ulile lingali moto. Na ukimwambia mtu "nakuja," njoo. Ukishindwa, piga simu mapema ili naye ale, kwa sababu huyo ameshaanza kukuwekea.

Mungu akulinde barabarani, akupe afya, na akujalie mwenzako wa kukaa naye mezani. Leo nimekaanga mawili, nikayala yote mwenyewe. Kuku bado wanataga.