Hapa Wapi?

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa msusi kabla hajawa fundi wa tovuti. Ufundi huo alijifunzia saluni, simu ameiegesha kwenye kopo la mafuta, mikono iko kichwani mwa mteja. Aliponunua kompyuta iliyotumika, yenye ufa kwenye kioo, jirani akamuuliza, "Sasa hiyo utaisuka mtindo gani?"

"Wa kukufunga mdomo."

Kazi anaifanyia kwenye meza yetu ya kulia, mimi nikinyonyesha pembeni. Zahanati ya mama na mtoto ilimpa kazi: tovuti ambamo mama anaandika namba ya kadi ya mwanawe, anaona tarehe ya chanjo, asiamkie foleni halafu aambiwe arudi Jumatano. Foleni ile naijua. Nimeipanga na mshono wa uzazi ungali mbichi.

"Kwanza naijenga humu," aliniambia, akiigonga kompyuta. "Kurasa zimo humu, na kanzidata imo humu, lile ghala la majina na tarehe. Nafumua, nasuka upya, hakuna anayeniona. Ikiiva naipandisha kwenye seva, mashine za mtandaoni, kila mtu aione."

Ikaiva. Niliandika namba ya binti yangu mkubwa, ikatoka surua na tarehe aliyochanjwa, sawasawa na kadi. Alhamisi akaipandisha, Ijumaa tukaenda zahanati kuionyesha.

Msimamizi akaifungua mbele ya benchi zima la akina mama. Ukaja ukurasa mweupe na mstari mmoja: kanzidata haipatikani.

"Dada," akasema, "hii si kusuka nywele."

"Kwani kusuka unakujua? Ukikosea mstari wa kwanza, unafumua kichwa kizima. Nipe mpaka saa nane."

"Saa nane na dakika moja nampigia fundi mwenye vyeti." Kisha akaonyesha bango ukutani, WIFI BURE. "Huyu mwenzako si anakuita wifi? Basi, hata ukuta umeshasema."

Benchi likaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, kilinitoka kidogo. Mkunga mkuu, aliyempa wifi kazi ile, hakucheka.

Wifi akakaa pembeni na kompyuta yake. "Kwangu inafunguka," alirudia. Nywila ilikuwa sahihi. Majina yote alikuwa ameshayahamishia kwenye ghala la kule mtandaoni. Saa saba na nusu ikafika, naye kaling'ata pindo la mtandio mpaka limelowa.

Binti yangu mkubwa, tuliyekuja naye, alikuwa amejificha chini ya benchi. Nikaita, "Uko wapi, mama?"

"Hapa!"

"Hapa wapi?"

"Hapa nilipo!"

Wifi akainua kichwa. "Amesemaje?"

"Anasema yuko hapa alipo."

Akafungua faili moja. Penye anwani ya kanzidata palikuwa na neno la Kiingereza ambalo, alinieleza, maana yake ni 'hapa hapa'.

"Mezani kwenu, hapa ni mezani," akasema, vidole vimeshaanza kukimbia. "Kule kurasa ziko mashine moja na ghala liko nyingine. Zinatafuta hapa zilipo, hazikuti kitu. Mjinga mimi!" Akafuta neno lile, akaandika anwani ya ghala la kule, akapandisha upya.

Saa nane kasoro dakika tano alisimama mbele ya msimamizi. "Chagua kadi yoyote kwenye hilo benchi. Ya huyu mtoto wa kaka yangu usiiguse, usije ukasema nimeipika."

Mama mmoja akatoa kadi. Tarehe ikatokea. Mkunga mkuu akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Akina mama wakaanza kunyoosha kadi zao.

"Umebahatisha," msimamizi akasema. "Mwenye vyeti ndiye ataitunza."

"Nimeijenga mimi, nitaitunza mimi. Mwenye vyeti akija, mwambie apange foleni."

"Kazi ni ya huyu aliyeijenga," mkunga mkuu akasema, akamrudishia mama yule kadi. "Tumemaliza."

Msimamizi hakutaka kumaliza. "Na siku ikianguka, tutakupata wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?" binti yangu akadakia.

Wifi akamnyanyua, akamweka kiunoni, akanyoosha kidole kwenye bango.

"Pale, mama. Nimeshaandikwa ukutani. Hilo neno la pili ndilo walifute."