Picha za Funguo za Mtaa

Majirani, mmeniganda kama luba mpaka nikashika kalamu. Mkono wangu kwenye kuandika ni mzito, nanyi mnataka kisa kizima. Haya, someni, na asinisahihishe mtu.

Fundi wa vitasa, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa na ubao ukutani umejaa funguo. Kila nyumba ya mtaa ilimwachia mmoja wa akiba. Hakuna uliokuwa na jina: mwizi akiingia, ataondoka na vyuma tu. Majina ya milango yalikaa kichwani mwa Fundi.

Alipougua, kichwa kikaanza kumchezea. Siku moja mlango ulimfungia nje mjane jirani, jiko linawaka ndani, Fundi akampelekea ufunguo wa muuza mkaa! Ndipo binti yake akapiga picha kila ufunguo kwa simu, jina la nyumba kwenye karatasi pembeni, akazitia zote kwenye kompyuta ya nyumbani.

Kompyuta yenyewe kuukuu, inakoroma, inazima.

“Baba, hii ikifa, imekufa na kila kitu. Tuziweke mtandaoni, tutazifungua popote.”

“Popote, na yeyote. Mwanangu, ufunguo si bibi harusi, umtazame tu uende zako.”

“Baba na woga wako! Picha itafungua mlango?”

Fundi aliomba aonyeshwe kwenye simu picha ya ufunguo wa chumba cha binti huyohuyo. Akaikodolea macho, akabana kipande cha shaba, tupa ikaanza kulia ikikikata meno. Chai haijapoa, akauchomeka ufunguo huo mlangoni kwa binti. Kitasa kikaitika.

Binti alikaa chini puu.

“Baba... hii simu hupeleka picha mtandaoni yenyewe. Na huko tunatumia akaunti moja, ofisi nzima ya kazini kwangu.”

“Na majina?”

“Na majina.”

Binti alikuwa anabonyeza simu mbiombio. “Nafuta, Baba! Nimefuta!”

“Umefuta picha. Macho ya waliotazama utayafuta?”

Tangu hapo, pikipiki ikisimama nje, chai inammwagikia. Lakini kilichomtia baridi zaidi ni kuwaambia majirani. Akisema, nani atamwita tena fundi? Akinyamaza, mtu akaingia kwa mjane usingizini?

Akabeba mkoba wa vifaa, akaanzia kwangu.

“Dada, nipishe nitoe hicho kitasa.”

“Kimekukosea nini? Umerogwa?”

Akanieleza yote. Nilimtukana mpaka koo likauma, kisha nikamshikia mlango. Kitasa kipya kilipokaa, funguo zake akanipa zote, wa akiba pia. Hataki tena kutunza ufunguo wa mtu.

Kwa mjane tulikuta mlango wazi. Fundi akadhani mwizi keshaingia, hawezi kupiga hodi. Nikaita mimi. Mjane akatoka na ufagio: “Mnanipigia kelele za nini?” Mdogo wangu akakaa kizingitini, akafungua mkoba.

Upande wenu wa mtaa bado hajafika. Basi wewe uliyeniandikisha haya, usiiache nyumba tupu mpaka umwone na mkoba wake. Na hiyo simu yako itoe sasa hivi, tafuta kila picha yenye ufunguo, hata ulioachwa mezani, uifute. Kisha njoo unionyeshe.