Nta ya Gari la Bwana Pamba

Harufu ya nta ya nyuki inanitia hasira mpaka leo. Wenzangu wakiwasha mshumaa wa nta husema unanukia vizuri. Mimi pua inanijaa mafuta ya taa, vumbi la Shinyanga na jasho la baba yangu, na vidole vinaanza kuniuma upya.

Miaka hiyo ya hamsini mimi, Kabula, nilikuwa binti mdogo. Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyesimamia ununuzi wa pamba, na watu wote walimwita Bwana Pamba. Mama alikuwa amejifungua hospitalini Kolandoto, na siku ninayoisimulia ndiyo aliyokuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Bwana Pamba akamwazima baba gari lake jeusi akamchukue, kwa sharti alilolitoa kwa Kiswahili chake alichojifunza kitabuni: "Osha gari. Paka nta. Halafu kwenda."

Nta baba aliijua moja tu, ile inayotoka mzingani. Akanituma kwa jirani yetu mrina asali, nikarudi na bonge la njano lenye mabawa ya nyuki ndani yake. Tukaliyeyusha kwenye sufuria ya mama, ambayo haikupona, tukaanza kupaka kwa vipande vya kanga kuukuu.

Sijui, msomaji wangu, kama umewahi kupaka gari nta ya nyuki. Inaganda kabla hujaanza kusugua. Boneti lilijaa mabaka kama mtu mwenye upele. Mara ng'ombe wakapita kwenda lamboni kunywa maji, vumbi lao likaja kunasa kwenye nta yetu, likakataa kutoka. Kisha wakaja nyuki wenyewe, nadhani kudai mali yao, na baba akajifunga shuka kichwani akaendelea kusugua huku akirusha mikono.

"Baba, twende tu," nilimwambia. Hamu ya kumwona mama na mtoto ilikuwa imenishika.

"Bado, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, aliniita hivyo kila alipotaka kunibembeleza. "Hapa mlangoni bado. Mama yako apande gari chafu mbele za watu?"

Tukaibandua nta yote kwa maji ya moto na mafuta ya taa. Mchana gari lilikuwa safi kama lilivyokuja, na tungeweza kuondoka. Lakini baba sasa alikuwa ameshaanza kushindana nalo, hakutaka kuliacha mpaka ling'ae. Akitafuta matambara kwenye buti la gari, alisogeza pembeni kikopo kimoja akidhani ni dawa ya viatu. Kesho yake Bwana Pamba ndiye aliyekifungua na kumwonyesha: nta ya gari, haijaguswa. Nililia kwa uchungu.

Jua la siku ile ile lilipokuwa linazama, mama aliingia uani kwa miguu, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Lori la pamba lilikuwa limemshusha barabarani, na vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Baba alisimama na tambara mkononi. Mama akalitazama gari, akajiona kwenye mlango wake kama kwenye kioo.

"Baba Kabula, limeng'aa," akasema, akaingia ndani.

Nilivimba kichwa! Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alikuwa akisifu kazi yetu, na niliwasimulia wenzangu shuleni kwa majivuno.

Halafu nami nikajifungua. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na mwanangu kifuani, nimevaa, nimefunga mzigo, nikiinua kichwa kila injini iliponguruma, na wenzangu wakichukuliwa mmoja mmoja. Pale ndipo niliposikia mama alikuwa amesema nini. Mume wangu alipofika jioni, akihema, alijitetea kwamba alikuwa akitafuta gari zuri la kunibeba. Nilimkaripia mbele ya wauguzi mpaka akainamisha kichwa, maskini, hakujua kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa ya kumkaripia baba yangu.